Je, Maelezo Yanatosha?

Mwaka jana, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, mpwa wangu alinifuata barazani. Akaniamkia, akaketi, akasema: "Mjomba, nina shida ya fedha, lakini si fedha ya kula." Yeye anafanya kazi ya uhasibu katika kampuni moja hapa Dar es Salaam, na kwa muda mrefu amekuwa na nia ya kwenda nje kusomea shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara, ile ambayo kila mtu anaiita MBA. Chuo alichokichagua kinadai mtihani wa GMAT. Ada ya mtihani alikuwa nayo. Alichokuja kuomba ni fedha za kozi ya kujiandaa, ya miezi mitatu, inayofundishwa kwa intaneti. Na ada ya kozi hiyo ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko ada ya mtihani wenyewe.

Nikamwuliza: "Kama mtihani unapima akili uliyo nayo, kwa nini ulipe ndipo uipate?"

Akacheka. "Mjomba, wenzangu wote wanalipa. Nisipolipa, mimi ndiye nitakayeonekana sina akili."

Jibu hilo lilinikaa moyoni wiki nzima. Sikumpa fedha siku ile, wala sikumkatalia. Nilimwomba anipe muda. Katika kurasa hizi nataka kueleza kwa nini nilihitaji muda huo, maana jambo lenyewe lina historia ndefu, na ndani ya historia hiyo mimi nami nina deni langu.

Mwaka 1994 ulikuwa mwaka wa mgawo wa umeme. Mvua zilikuwa haba, bwawa la Mtera likapungua maji, na jiji la Dar es Salaam likazoea giza. Wakati huo nilikuwa karani katika shirika moja la umma, na pamoja nami alikuwapo mwenzangu ambaye nitamwita hivyo tu, mwenzangu. Sote wawili tulikuwa na shahada ya kwanza, sote wawili tulikuwa tumechoka kupanga mafaili, na sote wawili tulikuwa tumesikia kwamba mtu akiupita mtihani wa GMAT vizuri anaweza kupata nafasi, na hata msaada wa masomo, katika vyuo vya Uingereza na Marekani.

Kitabu cha kujiandaa tulikipata kwa muuza vitabu aliyetandaza bidhaa yake chini, kando ya barabara. Kilikuwa kikuukuu, na mwenyewe wa kwanza alikuwa ameyajibu maswali yote kwa penseli. Tulichanga bei nusu kwa nusu, kisha tukatumia usiku mbili, katika chumba cha mwenzangu kule Magomeni, tukifuta majibu ya mtu tusiyemjua, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwanga wa taa ya chemli. Baada ya hapo tukaanza kupiga msuli. Kitabu kililala kwangu siku tatu na kwake siku tatu, na siku ya saba tulikaa pamoja.

Katika hisabati mwenzangu alinizidi mbali. Mimi nilitafuta majibu kwa nguvu. Yeye aliyatafuta kwa utulivu. Aina ya swali aliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo haitaki jibu. Unaulizwa jambo, unapewa maelezo mawili, na kazi yako ni kusema tu kama maelezo hayo yanatosha. Kwa mfano: Juma ana umri gani? La kwanza, Juma amemzidi Asha miaka 4. La pili, baada ya miaka 2 jumla ya umri wao itakuwa 30. La kwanza peke yake halitoshi. La pili peke yake halitoshi. Ukiyaunganisha yanatosha. Mimi nilikuwa naharakisha kupata kwamba Juma ana miaka 15, na mwenzangu ananizuia mkono: "Hukuulizwa umri. Umeulizwa, je, maelezo yanatosha?" Na mara nyingine jibu lilikuwa kwamba hata yakiunganishwa hayatoshi. Hilo ndilo lililonipa taabu zaidi, kwa sababu binadamu hapendi kukiri kwamba hajui na hawezi kujua.

Wakati ule sikujiuliza mtihani wa namna hii umetoka wapi. Niliuona kama mvua au jua, kitu kilichokuwapo tu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoanza kusoma habari zake, nikaona kwamba watu wameangaika na swali la mpwa wangu kwa zaidi ya miaka 1,000.

Wachina ndio waliotangulia. Tangu enzi ya ufalme wa Sui, mwanzoni mwa karne ya 7, hadi ulipofutwa mwaka 1905, mtihani wa serikali ulikuwa mlango wa kuingilia katika utumishi wa mfalme. Nia yake ilikuwa njema: mtu achaguliwe kwa elimu yake badala ya ukoo wake. Katika enzi ya Song majina ya watahiniwa yalifunikwa, na karatasi zao zilinakiliwa upya na makarani ili msahihishaji asitambue mwandiko wa mtoto wa rafiki yake. Katika mji wa Nanjing jengo la mitihani lilifika kuwa na vyumba vidogo zaidi ya 20,000, kila mtahiniwa na kijumba chake. Lakini mtihani ule ulitaka vitabu vya kale vikaririwe kwa miaka na miaka, na mtoto wa mkulima aliyehitajika shambani hakuwa na miaka hiyo. Mwenye mali aliajiri mwalimu nyumbani. Hivyo mlango ulifunguliwa kwa wote, ila njia ya kuufikia ilipita katika viwanja vya wenye nacho. Na walikuwapo waliotafuta njia ya mkato: zimehifadhiwa hadi leo nguo za ndani zilizoandikwa maneno madogo madogo tele, yaani desa la karne zilizopita.

Waingereza walifika kwenye jambo hilo hilo katika karne ya 19. Nafasi za kuitawala India zilikuwa zikitolewa kwa kujuana: wakurugenzi wa Kampuni ya India ya Mashariki waliwapendekeza vijana wa jamaa zao. Mwaka 1855 ukaanza mtihani wa ushindani. Hapo tena nia ilikuwa njema, na hapo tena walizuka mara moja mjini London walimu wa kulipwa ambao kazi yao ilikuwa moja tu, kumshindilia kijana yale yatakayoulizwa. Isitoshe, mtihani ulifanyika London peke yake. Satyendranath Tagore alikuwa Mhindi wa kwanza kufaulu, mwaka 1863. Lakini ilimbidi avuke bahari ili apimwe kama anafaa kuitumikia nchi yake mwenyewe. Mtihani huo haukufanyika ndani ya India hadi mwaka 1922.

Mtihani wetu wa GMAT ni mjukuu wa hayo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani waliotoka jeshini walilipiwa masomo kwa sheria ya mwaka 1944, na vyuo vikafurika. Vyuo vya biashara vilipokea waombaji kutoka kila pembe, na alama za chuo kimoja hazikulingana na za kingine. Mwaka 1953 vyuo tisa, Harvard na Columbia vikiwamo, viliungana kutafuta mtihani mmoja, na taasisi ya Educational Testing Service ya Princeton ikapewa kazi ya kuutunga. Ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1954, ukiwa na jina jingine. Jina la GMAT lilikuja mwaka 1976. Mwaka ule wa kwanza ulifanywa mara 2,000 na kitu tu. Hakuna aliyedhani kwamba siku moja vijana wa Magomeni wangefuta penseli katika kitabu chake.

Watungaji wa mitihani ya namna hii Marekani walishikilia kwa miaka mingi kwamba haifundishiki: mtu huja na uwezo wake, hupimwa, basi. Aliyewakanusha kwa vitendo alikuwa Stanley Kaplan wa Brooklyn, New York. Alizaliwa mwaka 1919. Alitaka kuwa daktari, lakini vyuo vya udaktari vilimkataa, na mwenyewe aliamini kwamba ni kwa sababu alikuwa Myahudi na alisoma katika chuo cha umma. Alianza kufundisha mwaka 1938 katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake, na mwaka 1946 akamfundisha mwanafunzi wake wa kwanza kwa ajili ya mtihani wa kuingilia chuo kikuu. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto wa wahamiaji. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtoto wa tajiri ameandaliwa tangu utotoni bila mtu kuita jambo hilo maandalizi, acheni wangu nao waandaliwe. Mwaka 1979 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ya haki ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba mafunzo hayo yaliweza kweli kupandisha alama za baadhi ya wanafunzi. Mwaka 1984 Kaplan aliiuza shughuli yake kwa kampuni ya gazeti la Washington Post. Ndivyo kilichoanza kama twisheni ya watoto wa mtaani kilivyogeuka biashara kubwa, ambayo mteja wake anayefaa zaidi ni yule mwenye uwezo wa kulipa. Mzunguko ukakamilika.

Msomaji wa hapa kwetu anaweza kusema: basi mitihani ifutwe, watu wachaguliwe kwa tabia na kazi zao. Sisi Watanzania tuna haki ya kulizungumza hilo, kwa sababu tulilijaribu. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba mtihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyaeleza kwa muda uliowekwa, lakini haupimi tabia wala moyo wa kuwatumikia watu. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaenda mbali zaidi. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kazini, na baada ya miaka miwili au zaidi aliomba nafasi akiwa na barua ya mwajiri na ya tawi la chama kwamba anafaa.

Fikra hiyo ilikuwa na heshima yake, na sisemi haya kwa kuidhihaki. Lakini idadi ya wasichana waliofika Chuo Kikuu ilishuka, na haukupita muda mrefu wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Tena barua ni kitu cha kuandikwa na mtu, na mtu ana jamaa, ana marafiki, ana chuki. Karatasi ya mtihani haikujui. Huo ndio ubaya wake na huo ndio uzuri wake. Barua inakujua, na huo nao ni uzuri na ubaya wake. Alama peke yake hazitoshi. Barua peke yake haitoshi. Ukiviunganisha unakaribia, lakini mwenzangu angenizuia mkono kabla sijaandika kwamba vinatosha.

Sasa nirudi kwenye deni langu.

Mwishoni mwa mwaka 1994 shirika letu lilianza kupunguza wafanyakazi, kama mashirika mengi ya umma ya wakati ule. Jina la mwenzangu lilikuwa katika orodha ya kwanza. Kiinua mgongo kilicheleweshwa, kodi ya chumba ilimsubiri, na ada ya mtihani ilitakiwa kwa dola. Akaniambia: "Wewe tangulia. Mimi nitafanya awamu ijayo." Nikamjibu, "Mungu atajalia." Kile ambacho sikumwambia ni kwamba wakati ule nilikuwa tayari nimenunua hundi nne za dola. Moja ilikuwa ya mtihani. Tatu zilikuwa za maombi ya vyuo vitatu. Ningeomba vyuo viwili badala ya vitatu, na kwa kuongeza akiba kidogo niliyokuwa nayo, mwenzangu angefanya mtihani siku moja na mimi. Nilipiga hesabu hiyo usiku, na maelezo yalitosha kabisa. Asubuhi sikusema neno. Nilijiambia kwamba kila mtu na riziki yake.

Pamoja na hayo, kwa wiki mbili zilizobaki aliendelea kunifundisha. Alitoka Magomeni kwa miguu hadi kwangu kila jioni, hana kazi, hana mtihani, akanisahihishia mahesabu.

Nilifanya mtihani mwanzoni mwa mwaka 1995, kwa karatasi na penseli, tukipaka weusi viduara vya majibu. Nilipofungua karatasi nilishtuka: tulitakiwa kuandika insha mbili, kila moja kwa dakika 30. Sehemu hiyo ilikuwa imeongezwa Oktoba 1994, na kitabu chetu kilichapishwa kabla. Maelezo yalikuwamo katika kijitabu cha kujiandikisha, lakini mimi nilikuwa nimesoma kurasa za ada na tarehe tu. Insha ya kwanza niliandika huku mkono ukitetemeka. Lakini hisabati ilininyooka, na kila nilipofika kwenye swali lake lile nilisikia sauti ya mwenzangu. Alama zilizokuja zilinitosha kupata nafasi na msaada wa masomo Uingereza. Mwenzangu hakufanya awamu iliyofuata, wala yoyote nyingine. Katika daftari zote za Princeton jina lake halimo. Aliyejua kuliko mimi hakupimwa, na mimi niliyefundishwa naye nikaitwa mwenye uwezo.

Tangu hapo mtihani umebadilika mara nyingi. Mwaka 1997 ulihamia kwenye kompyuta, ambayo hulipima jibu lako na kukuchagulia swali linalofuata, gumu zaidi au jepesi zaidi. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, uliruhusiwa kufanyika nyumbani kwa intaneti, na vyuo vingi vya Marekani vikawa tayari kupokea waombaji bila mtihani. Mwishoni mwa mwaka 2023 likatoka toleo jipya na fupi, la saa mbili na robo, lisilo na insha. Kile kilichonitetemesha mkono kimefutwa. Lakini swali la mwenzangu la kutosha au kutotosha kwa maelezo bado limo.

Jumapili iliyofuata nilimchukua mpwa wangu tukapanda daladala hadi Temeke. Mwenzangu sasa ni mzee mwenye mvi, na kwa zaidi ya miaka 20 amefundisha hisabati kwa watoto wa sekondari uani kwake, chini ya mwembe, ubao umeegemezwa ukutani. Hajawa Kaplan, wengi humlipa wanapoweza. Alimpokea mpwa wangu, akamwandikia maswali matatu, akamtazama anavyoyafanya, kisha akasema: "Huyu anajua. Ila ana haraka kama mjomba wake."

Mpwa wangu alipokwenda kununua maji, nikaona kwamba nisiposema siku ile sitasema tena. Nikamweleza habari za zile hundi, ile ya mtihani na zile tatu, na hesabu niliyoipiga usiku. Zilikuwa zimepita karibu miaka 30. Hakushtuka. Alipangusa chaki mikononi, akasema taratibu:

"Ndugu yangu, nilijua. Ulizificha ndani ya jalada la kitabu, nyuma, na kitabu kilikuwa cha wawili. Siku zile tatu kililala kwangu."

Nikamwuliza kwa nini basi aliendelea kunifundisha.

"Hundi zilikuwa zimeshanunuliwa," akasema. "Angalau mmoja wetu apite."

Mpwa wangu nilimlipia kozi yake. Historia haikunionyesha njia nyingine: mlango ukishawekwa, si haki kumwambia mtoto wa kwako asijifunze kuufungua wakati wa wengine wanafundishwa. Ila hisabati anajifunza Temeke, kila Jumamosi, na ada ya huko nailipa mimi, bei ile ile ya kozi ya intaneti. Mwenzangu aliikataa mara mbili, mara ya tatu akaipokea. Sidhani kwamba kwa kufanya hivyo nimelipa deni. Kila nikitafuta kujua kama nimelilipa, nasikia mkono wake juu ya mkono wangu, nami naacha kuandika jibu.